Fundo la Manjano

Jioni ya kufungwa uzi, mtu mwenye akili zake hakanyagi kijiji cha Vembadi kama hana nia ya kulala huko. Hilo hata mtoto anayenyonya analijua. Lakini mzazi mwenye mtoto mgonjwa, akili zake huwa zimebaki kitandani kwa mtoto. Ndiyo maana Sivagami alishuka kwenye basi jua likiwa limeshainama, mkoba begani, chupa tupu mkononi, akakata njia ya mashamba mbio mbio kama anakimbizwa.

Alifuata maji ya manjano tu. Achukue, ageuke, aondoke.

Mwanawe Maran alikuwa amelala nyumbani kwao, mjini Tiruppur, mwili mzima malengelenge ya tetekuwanga. Kwao haisemwi kwamba mtoto anaumwa. Inasemwa Mama amekuja. Mama ni Mariamman, mungu wa kike mwenye hekalu lake pale Vembadi, na akishaingia nyumbani kwako humfukuzi. Unatundika mwarobaini mlangoni, unaacha kukaanga vitunguu, unanyenyekea mpaka aondoke kwa hiari yake. Maji ya manjano aliyoogeshwa yeye hekaluni, ukimpangusia mgonjwa, humpoza. Daktari alishatoa dawa, na dawa ilikuwa inanywewa. Ila usiku uliopita mtoto aliweweseka, akamng'ang'ania mama yake shingoni, akasema, "Mama, usiende." Sasa mama kama huyo utamwambia nini habari za sikukuu?

Na sikukuu yenyewe ina sharti lake. Kuhani humfunga Mama mkononi uzi uliopakwa manjano, wenye kipande cha manjano mbichi katikati. Kisha hujifunga yeye, kisha wenye nadhiri. Halafu ngoma inalia. Ngoma ikishalia, aliye upande wa ndani wa jiwe la mpaka hatoki, na kama ana ng'ombe ng'ambo, wafe na kiu. Hatoki mpaka uzi ufunguliwe siku ya mwisho na kutupwa kisimani. Yuko bwana mmoja pale kijijini alikosa harusi yake mwenyewe kwa sharti hilo, na mpaka leo anamshukuru Mama.

Kuhani Sadaiyan alikuwa ukumbini mwa hekalu, kifua wazi, anatwanga manjano. Moshi wa kafuri ulikuwa umetanda.

"We Sivagami! Umekuja kulala?"

"Nimekuja kuondoka, mjomba. Nijazie chupa, nakuomba."

"Haraka gani hiyo, kama umeiba kuku? Hata mama yako hujamsalimia!"

"Maran ana Mama, mjomba. Amejaa mpaka ndani ya masikio."

Mzaha ulimtoka kuhani. Aliichukua chupa, akaingia ndani, akarudi nayo imejaa maji ya rangi ya jua, na jani la mwarobaini linaelea juu. Akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Ngoma ikikukuta ndani ya jiwe, usije kunililia mimi."

"Haitanikuta."

"Na njiani usisimame na mtu."

"Mtu gani?"

Kuhani alishaurudia mchi wake. "Nimesema tu," akajibu, bila kumtazama.

Sivagami aliondoka. Upepo ulikuwa umekufa. Mbele yake ulionekana mwarobaini mkubwa wa mpakani, na chini yake jiwe lililopakwa wekundu, na nyuma ya jiwe barabara ya lami. Mbali, upande wa mfereji, taa za basi zilikuwa zinakuja taratibu. Aliziona kabisa. Akasema moyoni, nimewahi.

Ndipo alipoisikia ile harufu.

Mwarobaini, ndiyo, lakini chini ya mwarobaini palikuwa na kitu kingine. Harufu ya chumba alicholala mgonjwa muda mrefu, madirisha yamefungwa...

"Mwanangu."

Bibi mmoja alikuwa ameketi kwenye mizizi, upande wa ndani wa jiwe. Nywele nyeupe, sari imechujuka mpaka huwezi kuijua rangi. Mkono wake mmoja ameunyoosha mbele, kama mtu anayengoja kutiliwa maji.

"Mwanangu, una vidole vyepesi?"

Sivagami alitaka kupita. Lakini alilelewa na mama yake Ponnuthayi, na mtoto wa Ponnuthayi hampiti mzee aliyenyoosha mkono. Halafu swali lenyewe lilimkuna panapomwasha. Kiwandani kwao, wanakoshona fulana, yeye ndiye anayeitwa uzi ukijisokota. Fundo lililowashinda wote, Sivagami hulifungua huku anapiga soga. Hata Maran alifundishwa naye kufungua mafundo, jioni kwa jioni, mtoto kamkalia mapajani na kamba ya kiatu mkononi.

"Kuna nini, bibi?"

"Nifungulie. Unanibana."

Kwenye kifundo cha mkono wa bibi palikuwa na uzi wa manjano. Umezama mpaka ngozi imefanya mfereji.

Sivagami aliurudisha mkono nyuma. Uzi wa Mama haufunguliwi na mtu yeyote ila kuhani, siku ya mwisho, mbele ya Mama mwenyewe. Hilo nalo mtoto anayenyonya analijua. Lakini hapo hapo akajijibu. Mwaka huu uzi bado haujafungwa, ngoma haijalia. Na nyuzi za mwaka jana zilitupwa kisimani zote. Basi huu hauwezi kuwa uzi wa Mama. Bila shaka ni uzi wa maumivu ya viungo, wa kujifungia nyumbani, vikongwe wanazo tabia hizo.

Alijijibu vizuri sana. Laiti asingejua sheria, angeogopa akakimbia.

"Nani alikufunga hivi, bibi? Mtu huyu au mchunga ng'ombe?"

Bibi alicheka. Mdomo ulicheka, sauti haikutoka.

"Wajukuu wako wamekuacha na hali hii?"

"Nina mtoto mmoja tu," bibi alinong'ona. "Yuko ng'ambo ya mfereji. Ana homa. Ananingoja."

Moyo wa Sivagami uliyeyuka wote. "Na wangu ana Mama. Tangu juzi hajala."

"Basi unajua wewe. Uchungu wa mwana..."

"...aujuaye mzazi," akamalizia Sivagami, na tayari alikuwa amepiga magoti.

Baadaye, alipokuwa na muda wa kufikiri, na muda aliupata tele, alijiuliza: kikongwe wa umri ule, mtoto mwenye homa kampata wapi? Pale mtini hakujiuliza. Taa za basi zilikuwa zimekaribia, na alitaka amalize aende zake.

Aliweka chini mkoba na chupa. Fundo lilikuwa gumu kama kokwa. Tena lilikuwa bichi, limelowa, kama lilifungwa asubuhi ile. Kucha hazikuingia. Basi akafanya anavyofanya kiwandani uzi ukiwa mkaidi, akainama, akalishika kwa meno. Uchungu wa mwarobaini ulimjaa kinywa. Akavuta mara moja, akavuta tena...

Fundo likaachia.

Na hekaluni ngoma ikalia.

Sivagami aliruka. Akautafuta ule uzi, maana aliuhisi ukianguka. Haukuwa chini. Haukuwa mkononi mwa bibi.

Ulikuwa mkononi mwake yeye. Umefungwa.

Bibi alisimama. Magoti yake hayakulia. Aliinama akaokota mkoba, akaokota chupa, akaifuta vumbi kwa upindo wa sari kama mtu anayeshika kitu chake.

"Nitamfikishia," alisema. "Ahsante, mwanangu."

Akaruka jiwe.

Kule ng'ambo, kila hatua aliyopiga mgongo wake ulinyooka kidogo. Nywele zikashuka, nyeusi. Zikajisuka. Na kwenye msuko yalikuwepo maua ya asumini, yale yale aliyoyachomeka Sivagami asubuhi mbele ya kioo. Sari ikawa ya kijani, ile ile ya Sivagami. Basi likasimama. Kondakta akaning'inia mlangoni akipiga bati.

"Haya dada, panda tuondoke! Leo hatulali Vembadi sisi!"

Yule akapanda. Hakugeuka.

Sivagami alikimbia. Alilivuka jiwe, alihisi kabisa joto la lami kwenye nyayo, akanyoosha mkono aushike mlango wa basi... akaushika mwarobaini. Mbele yake palikuwa na taa za hekalu. Akageuka, akakimbia tena. Lami. Mfereji. Mwarobaini. Hekalu. Akageuka tena. Alikimbia mpaka pumzi ikamwishia, na kila njia ilimrudisha ndani.

Alipiga kelele. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza, ya mtu asiye na meno ya kutosha.

Akaitazama mikono yake. Haikuwa ya kwake.

*

Usiku ulikuwa umeshakwenda, na Ponnuthayi alikuwa barazani anaiongeza taa mafuta alipomwona kikongwe anajikokota getini.

"Mama! Mama, ni mimi!"

"Karibu, bibi. Karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Umekuja kwa sikukuu? Watu wako wamekupoteza?"

"Mama, nitazame. Mimi Sivagami!"

Ponnuthayi alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka. "Bibi yangu, Sivagami ni binti yangu, nimemzaa mimi. Anakaa Tiruppur. Njoo uketi, unywe uji, njaa humfanya mtu aseme mengi."

"Nina kovu! La uji uliomwagika, ulilia wewe kuliko mimi! Goti la kushoto, tazama!" Akaivuta sari juu.

Goti lilikuwa limekunjamana. Kovu halikuwepo.

Ponnuthayi alirudi nyuma hatua. "Habari za kovu la mwanangu kakwambia nani?"

Kabla hajajibiwa, simu ikalia. Iko dirishani, na Ponnuthayi masikio yake mazito, huweka sauti ya kusikika mpaka kwa jirani.

"Mama? Nimefika."

Ilikuwa sauti ya Sivagami. Ile ile, na ule uchovu wa mwisho wa siku.

"Umefika wapi, binti yangu?"

"Nyumbani. Nilikuja hapo kuchukua maji ya manjano, nikageuka na basi, nisamehe sikupita kwako. Nimempangusa mtoto. Homa inashuka, mama. Amenikumbatia, hataki kuniachia."

Na nyuma ya sauti hiyo, kwa mbali, sauti nyingine, ndogo.

"Mama, njoo."

"Nakuja, baba."

Sivagami aliipokonya simu. "We! Toka! Mwache mwanangu, nasema toka kwa mwanangu!"

Alisikia mtu anavuta pumzi. Polepole, kama anaionja.

"Mama, nani huyo?"

"Bibi mmoja mgeni," Ponnuthayi alisema, akiikamata simu yake. "Maskini, amechanganyikiwa."

"Mpe uji, mama. Mtunze vizuri. Huwezi kujua ametoka na uchungu gani."

Simu ikakatika.

*

Alikaa ukumbini mwa hekalu sikukuu nzima. Wapi pengine? Sikukuu ilikuwa nzuri, watu wa Vembadi wanasema ilikuwa nzuri kuliko nyingi. Wanawake walibeba vyungu vya majani kichwani, wenye nadhiri walitembea juu ya makaa, uji wa ulezi uligawiwa kwa masufuria. Kijiji kizima kilikuwa kimefungiwa, na kijiji kizima kilikuwa kinafurahi. Vijana walimtania. "Bibi, twende tukatembee ng'ambo!" Kila jioni alijikokota mpaka kwenye jiwe, akavuka, akarudi. Walidhani anafanya nadhiri.

Kila jioni pia alikwenda kuketi karibu na dirisha la Ponnuthayi, asikie simu. Maran amekula wali. Maran amecheka. Malengelenge yamekauka. Alizililia habari hizo, na hata yeye hakujua analia furaha au nini. Mtoto alikuwa anapona. Alikuwa anaponywa, tena kwa mapenzi, na mikono isiyo yake.

Siku ya mwisho kuhani Sadaiyan aliwapanga wenye nyuzi mbele ya Mama. Alifungua mmoja baada ya mwingine, anatia kwenye sinia la maziwa. Sivagami alikuwa wa mwisho. Aliunyoosha mkono.

Kuhani alilishika fundo. Akaliachia haraka kama mtu aliyeshika sufuria jikoni bila kitambaa.

"Hili sikulifunga mimi."

"Lifungue, mjomba."

Neno hilo likamfanya amtazame machoni. Alimtazama sana. Akaliweka sinia chini.

"Baba yangu alikuwa kuhani hapa," akanong'ona, wengine wasisikie. "Palikuwa na mama, anaitwa Kuppayi. Amefungwa uzi, yuko ndani, mtoto wake yuko kwa wakwe ng'ambo ya mfereji, ana Mama. Alimlilia baba amfungulie. Baba alikataa. Kuppayi akatoroka na uzi mkononi... Kule hakufika. Na huku hakurudi. Mtoto alikufa akimwita. Nilikwambia usisimame na mtu."

"Basi wanijua! Mjomba, wanijua! Waambie!"

"Niwaambie nini? Nani ataamini? Na nikilifungua hili..." Aliutazama mkono wake mwenyewe, mkavu, wenye alama ya uzi aliotoka kuuvua. "Nina watoto na mimi."

Akachukua sinia lake la maziwa akaenda kisimani. Kila mtu alimfuata kwa ngoma. Mpaka ulikuwa umefunguka kwa wote, ila kwa Sivagami. Mtu wa kwanza kutoka alikuwa yule bwana aliyekosa harusi, anakwenda sokoni kununua vitunguu.

*

Mvua zilikuja, mpunga ukapandwa. Siku moja alasiri basi lilisimama ng'ambo ya jiwe, wakashuka watu watatu.

Elango, mume wa Sivagami, alipita mbele na mkungu wa ndizi begani. Alimpita Sivagami pale mtini, akamtupia "Hujambo bibi" ya adabu tu. Yule mwenye sari ya kijani alibaki barabarani. Hakulikaribia jiwe. Alisimama na mkoba ameukumbatia kifuani, na macho yake hayakutoka kwa mtoto.

Maran alikuja anaruka madimbwi. Amenenepa. Ametiwa mafuta, amechanwa, mashavuni amebaki na vishimo vidogo vya tetekuwanga. Alipofika mtini akasimama.

"Bibi, kwa nini unalia?"

"Vumbi, baba."

"Mvua imenyesha. Hakuna vumbi." Akachekea werevu wake. Halafu akanusa. "Unanuka kama mama yangu."

Mtoto alikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Sivagami alilitazama sikio lake, pale palipokuwa na malengelenge.

"Mama yako... anakupenda?"

"Sana! Ila miguu inamuuma, hapa hapendi kufika. Bibi, mkono umevimba. Uzi unakubana?"

Sivagami akafungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari ulimini, yalikuwepo tangu jioni ile, kama aliyaachiwa pamoja na uzi. Nifungulie, mwanangu. Unanibana. Akaona njia yote mbele yake. Lami, basi, nyumba, kitanda.

Ng'ambo ya jiwe mwanamke alipiga kelele. "Maran! Usiguse! Maran, njoo huku!" Ilikuwa kelele ya mama kweli kweli.

Lakini mtoto alishapiga magoti. Vidole vyake vidogo vilikuwa kwenye fundo, vyepesi, havina papara, vinatafuta uzi wa juu kwanza, kama alivyofundishwa.

"Usiogope, bibi. Mafundo nayajua mimi. Mama alinifundisha."

Na fundo, lile lililomshinda kuhani, likaanza kuachia.

Sivagami aliunyakua mkono wake, akauficha nyuma.

"Hili... hili ni la mapambo tu, baba. Halibani. Nenda, bibi yako amekuwekea uji. Nenda!"

Mtoto alimtazama, ameudhika kidogo. Kisha akapunga mkono, akaenda zake kwa baba yake, anaruka madimbwi.

Sivagami alingoja mpaka amefika getini kwa Ponnuthayi. Akautoa mkono. Mzunguko mmoja wa uzi ulikuwa umelegea, unaning'inia, na upepo ulikuwa unauchezea.

Kule barabarani mwenziwe alikuwa anamtazama, mkono mdomoni.

Sivagami akainama. Akaushika uzi kwa meno, akaukaza.